Mahame ya Buha kwenye kioo cha kompyuta

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kazi au nimeoa. Hakuna lililotokea kati ya hayo. Nilikuwa likizo nyumbani, Kasulu kwanza kisha Kibondo, na nilibeba laptopu yangu ile iliyochubuka kona pamoja na jambo moja lililonisumbua tangu chuo: kwa nini ukisoma historia ya kale ya nchi hii unaruka kutoka Olduvai hadi Engaruka hadi Kilwa, na Buha unaisikia tu pale Stanley anapolalamika kuhusu hongo?

Maana ndivyo ilivyo. Mwaka 1871 Stanley alipita kusini mwa nchi yetu akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Watemi wa Kiha wakamtoza vitambaa hadi akaamua kuiacha njia na kutoroka usiku kupitia porini. Hapo ndipo Waha wanapoingia kwenye vitabu vingi, kama watoza ushuru wakali. Binafsi sioni ubaya wa kutoza ushuru mtu anayepita kwako na bunduki na mizigo ya watu kadhaa, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Nianze na kile ambacho wataalamu wa mambo ya kale wamekwisha kukipata karibu na kwetu, kwa sababu si kweli kwamba hakuna kitu. Kusini mwa Kasulu, pale mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, iko Uvinza na chemchemi zake za maji ya chumvi. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale, na mwaka uliofuata wakachapisha matokeo katika jarida la Azania. Walikuta mashimo, majivu na vigae vya vyungu vilivyotumika kuchemshia maji hadi chumvi ikaganda, tabaka juu ya tabaka. Vipimo vya kaboni 14 vilionyesha kwamba kazi hiyo ilikuwapo tangu karne ya 5 au ya 6. Yaani kabla Kilwa haijawa Kilwa watu walikuwa wakipika chumvi Uvinza, na Burton alipopita mwaka 1858 walikuwa bado wanapika, na hata leo kuna mgodi wa chumvi pale. Sijui viwanda vingapi duniani vimedumu miaka 1,500 mahali pamoja.

Kaskazini yetu, Buhaya, Peter Schmidt alichimba Katuruka kuanzia mwaka 1970 na kukuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Magharibi, huko Burundi na Rwanda, Marie-Claude Van Grunderbeek na wenzake walichimba tanuri za kale za chuma. Sasa chukua ramani, weka alama kwenye maeneo hayo matatu, halafu tazama katikati. Katikati ni Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe. Tundu. Watu hawakuruka kutoka Buhaya hadi Uvinza kama panzi, walipita kwetu na kuishi kwetu. Ila uchimbaji uliofanyika ni kidogo mno.

Ndipo kompyuta inapoingia.

Nina rafiki tuliyesoma naye chuo, leo ni mwalimu wa historia wa sekondari moja wilayani Kasulu. Aliniomba niingie darasani kwake, Kidato cha Kwanza, wanapoanza mada ya vyanzo vya historia. Ile mada mnaikumbuka: masimulizi, maandishi, akiolojia, na mstari mmoja kuhusu kaboni 14 ambao sisi sote tuliukariri bila kuuelewa. Nilikubali kwa kiburi cha mtu wa mjini, kisha usiku nikaanza kuogopa.

Nilianza na nyayo za Laetoli. Nyayo hizo zina umri wa miaka milioni 3.66. Timu ya Mary Leakey ilizigundua mwaka 1978, na baada ya kupimwa zilifukiwa tena ili zisiharibike, na mwaka 1995 na 1996 zikafanyiwa ukarabati na kufukiwa upya. Kwa hiyo mtoto wa Kasulu hata akipata nauli ya kwenda Ngorongoro hawezi kuziona zote pale ardhini. Mwaka 2016 timu ya Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Italia ilitangaza nyayo nyingine, mita 150 hivi kutoka zile za kwanza. Safari hii walipiga picha nyingi za kawaida kutoka kila upande, na programu ya kompyuta ikalinganisha picha hizo alama kwa alama hadi ikajenga umbo kamili la unyayo, na kina chake. Unaweza kulizungusha, kulipima kisigino, kuliinamisha. Kwa vipimo hivyo wakakadiria kwamba mmoja wa waliopita pale alikuwa na urefu wa karibu sentimita 165. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida linalosomwa bure, bila kulipia.

Niliweka umbo hilo kwenye kioo, watoto zaidi ya 70 wakabanana mbele ya laptopu moja. Kila mmoja alitaka kulizungusha kwa kidole chake. Mvulana mmoja alivua kandambili na kuweka mguu wake pembeni ya kioo apate kulinganisha. Darasa zima likacheka, lakini nilifikiri moyoni kwamba huyo ndiye aliyeelewa kuliko wote.

Kisha nikajaribu kaboni 14. Iko programu iitwayo OxCal, iliyotengenezwa Oxford na Christopher Bronk Ramsey, unaitumia bure kupitia intaneti. Kazi yake ni hii. Kila kilicho hai hula kaboni, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ile ya 14 ambayo huoza polepole: nusu yake huisha baada ya miaka 5,730. Mti ukikatwa ukawa mkaa, saa inaanza kuhesabu. Tatizo ni kwamba kiasi cha kaboni 14 hewani hakikuwa sawa miaka yote, kwa hiyo namba inayotoka maabara si mwaka wa kalenda. Wanasayansi wamehesabu pete za miti ya kale, moja baada ya nyingine, wakatengeneza mchoro wa kusahihisha, na kompyuta inalinganisha namba yako na mchoro huo. Nikaweka namba ya mfano: miaka 1,500, kosa 100 juu au chini. Programu haikutoa mwaka mmoja. Ilitoa mchoro kama kilima chenye mgongo mpana wa zaidi ya karne tatu.

“Kwa hiyo hawajui?” binti mmoja aliuliza, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo, kama mtu aliyedanganywa dukani.

Nikamwambia wanajua, ila wanajua kwa upana, na tofauti ya mtu makini na mwongo ni kwamba mtu makini anakuonyesha upana huo. Nikaongeza kwamba vipimo vya Uvinza vya mwaka 1967 vilifanyika kabla ya programu hizi, na kwamba namba za zamani zinaweza kuingizwa upya na mtu yeyote mwenye laptopu. Kuna hata ubishi wa kuvutia: dunia ina mchoro mmoja wa kaskazini na mwingine wa kusini, na sisi Kigoma tuko kusini mwa ikweta kidogo tu, ambako pepo za pande zote mbili hukutana kwa zamu. Utumie upi? Hilo lilimfurahisha mwalimu kuliko wanafunzi.

Yule binti hakuwa amemaliza. “Na sisi nyayo zetu ziko wapi?”

Sikuwa na jibu. Swali hilo nililibeba hadi Kibondo.

Babu yangu mzaa mama anaishi katika kijiji kimojawapo cha ujamaa wilayani Kibondo. Nimefika jioni, nimemwamkia “Mwakeye” ingawa jua lilikuwa limeshazama, akacheka akasema Dar es Salaam imenipotezea hata saa. Kesho yake nikafungua laptopu uani, chini ya mwembe, nikamwambia: babu, nataka unionyeshe ulikokaa kabla ya kijiji.

Hapa lazima nieleze. Buha imehamishwa mara mbili ndani ya miaka 40. Mara ya kwanza ni kuanzia mwaka 1933, serikali ya Mwingereza ilipowakusanya watu kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, wawe mbali na mbung'o. Mara ya pili ni Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya amri ya kuhamia vijijini kutolewa kwa nchi nzima. Muha wa zamani hakukaa kijijini. Alikaa kwake, katikati ya migomba yake, na jirani yake kwake, mbali kidogo. Kwa hiyo vilima vyetu vimejaa mahame. Mtu anayechora ramani leo anaona pori tupu na kudhani pamekuwa pori tangu Nuhu.

Wanahistoria wameliona jambo hili. Julie Weiskopf aliandika tasnifu nzima juu ya uhamishaji huo wa Buha, kuanzia 1933 hadi 1975, na kabla yake Michele Wagner aliandika juu ya bateko, wale waliokuwa wakisimamia ardhi na mizimu yake, ambao madaraka yao yalikuwa ya kale na tofauti na ya mwami. Lakini hao walifanya kazi na masimulizi na nyaraka. Ninachosema mimi ni kwamba mahame hayo bado yako ardhini, na yanaweza kutafutwa.

Kinachotakiwa kipo. Mwezi Februari 2000 chombo cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada miinuko ya nchi, na tangu 2014 vipimo vya Afrika vinapatikana bure kwa alama moja kila mita 30. Picha za setilaiti za Landsat zimekuwa bure tangu 2008. Google Earth inakurudisha nyuma kwenye picha za miaka iliyopita. Programu ya QGIS, ya bure pia, inaviweka vyote hivyo juu ya ramani za zamani za 1:50,000. Na Marekani ilifungua mwaka 1995 picha za kijasusi za mpango wa Corona, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972, ambazo huko Siria na Iraki zimetumika kutafuta miji iliyofukiwa. Angalia miaka hiyo: zilikoma mwaka ule ule tulipohamishwa.

Unatafuta nini kwenye picha? Nyumba zetu zilikuwa za miti, nyasi na udongo. Haziachi kuta kama Songo Mnara, ambako watafiti walipima usumaku wa ardhi hadi wakaona mahali pa majiko na viwanja bila kuchimba. Kwetu unatafuta miti mikubwa iliyopandwa, mikuyu hasa, ile tunayoiita umuvumu, ikiwa imesimama mahali ambapo yenyewe isingejipanga. Unatafuta rangi ya majani. Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walionyesha kwamba huko Narok, Kenya, mahali palipokuwa na mazizi ya ng'ombe miaka 3,000 iliyopita bado udongo wake una rutuba kupita ule wa jirani, na majani yake yanaonekana tofauti hata kutoka angani. Samadi haisahau.

Babu aliangalia kwa muda, kichwa kimeinama upande. Hakuelewa picha mpaka nilipompa mto. Nilipomwambia huu ni mto fulani, alichukua kidole changu (changu, si chake) akakitembeza kwenye kioo, akitaja kila kijito kinachoingia. Majina saba. Kwenye ramani ya serikali kulikuwa na mawili, na moja lilikuwa limewekwa kwenye kijito kisicho chake.

Mahali alipohamishwa mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka 24, hapaonekani kitu. Ni shamba la mahindi la mtu mwingine. Alilitazama akasema tu “ndiyo pale,” kisha akanyamaza. Nikajaribu kumchangamsha kwa kumwonyesha alama niliyokuwa nimeiona usiku, upande wa mashariki, porini: mikuyu mitatu na kipande cha kijani kisichofanana na pori la pembeni. Nilidhani ni bwawa la msimu. Babu akaniuliza mlima uko upande gani. Nikaigeuza picha, nikaiinua kwa vile vipimo vya rada hadi mlima ukasimama kwenye kioo kama unavyosimama ukitokea mtoni.

Akasema: “Zima.”

Nilifikiri amechoka. Baadaye, baada ya kula, akaniambia pale ni kwa baba wa baba yake, walipotolewa wakati wa malale, kabla yeye hajazaliwa. Alipelekwa mara moja tu akiwa mtoto, kuonyeshwa makaburi. Mimi nilikuwa nimemtafutia nyumba yake, kompyuta ikamtolea ya babu yake.

Tulikwenda siku ya tatu, mimi, yeye, mjomba, na panga. Saa mbili na nusu kwa mguu. Simu ilikuwa ikinionyesha mstari, na sifichi, simu ilikuwa sahihi kuhusu miti. Lakini kipande cha kijani nilichokiita bwawa ndicho kilikuwa zizi. Mjomba alikanyaga akasema udongo huu ni wa ng'ombe. Chini ya mkuyu wa pili kulikuwa na jiwe la kusagia lililochimbika katikati, na kandokando ya kijia cha wanyama nikaokota mavi ya chuma, vipande vinne vizito vyeusi. Niliviweka chini palepale nilipovitoa, nikapiga picha na rula pembeni. Hilo ndilo kosa kubwa tunalofanya sisi wapenzi wa mambo ya kale: ukibeba kitu kwenda nacho nyumbani umekiua, kwa sababu maana yake iko kwenye mahali kilipolala. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu uchimbaji bila kibali.

Nieleze na kosa langu jingine. Nilikuwa nimeiambia programu inichoree njia rahisi kuliko zote ya kwenda kuchukua chumvi Uvinza, maana babu husimulia kwamba wazee walikwenda kiangazi na kurudi na mizigo. Kompyuta ikachora mstari mzuri ukishuka kandokando ya bonde la Ruchugi. Nikamwonyesha kwa fahari. Akasema hakuna mtu mwenye akili angepita huko. Bondeni kuna matope na mbung'o. Waliokwenda chumvi walipita mgongoni, hata kama ni kupanda na kushuka, na walilala kwa watu waliokuwa na undugu nao. Programu yangu ilijua mteremko tu. Haikuambiwa habari za mbung'o wala za shemeji. Unaweza kuiambia, na watafiti makini huiambia, lakini lazima kwanza umuulize mtu. Hata Schmidt kule Katuruka alichimba pale wazee walipomwelekeza, kwenye mti wao mtakatifu wa Kaiija.

Sasa nije kwenye jambo linalonizuia kuwawekea hapa ramani, kama wengine mlivyokwisha kuiomba.

Tulipokuwa tumekaa chini ya ule mkuyu babu alisema nisiiweke hiyo “kwenye mtandao wenu”. Nikamuuliza kwa nini. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza ni wachimbaji wa mali za Mjerumani. Mnawajua, kila wilaya inao: wanaamini Wajerumani walifukia rupia na dhahabu kila penye mti mkubwa na jiwe la ajabu. Wakipata namba za GPS za mikuyu mitatu porini watafika na majembe kabla ya mtaalamu yeyote, na pale kuna makaburi.

Ya pili ni ngumu zaidi. Sehemu za nchi iliyoachwa wazi kwa ajili ya malale na baadaye kwa vijiji, leo zimo ndani ya misitu na mapori ya hifadhi. Mtu akionyesha kwa kompyuta kwamba babu yake alizikwa humo, je, amefanya historia au amefungua kesi ya ardhi? Na akishindwa kesi, je, hao waliomshinda hawatajua vizuri zaidi pa kuweka mipaka? Nilimwambia babu kwamba ushahidi unamsaidia mnyonge. Akanijibu kwamba yeye amehamishwa mara moja na baba yake mara moja, na mara zote mbili walikuja watu wenye ramani.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu ni kutoa, si kuficha. Lakini siku ile sikuwa na hoja, na hata sasa ninapoandika sina. Watafiti wenzetu duniani wanalo suluhisho la nusu: wanachapisha matokeo na kuzungusha eneo, kilomita kadhaa huku na huku, na namba halisi zinabaki kwa mamlaka na kwa wanakijiji. Nimezungumza na mtaalamu mmoja, amesema yuko tayari kuja kutazama kiangazi, kwa kibali, bila kuchimba, endapo wazee watakubali. Wazee bado wanajadiliana. Mjomba anataka, babu hataki, na mwenyekiti wa kijiji anataka kujua kwanza kama kuna posho.

Mwalimu naye amepata wazo lake. Wanafunzi wake, kila mmoja, atamuuliza mzee wa kwao majina ya vijito na vilima, na jina la aliyekaa pale kabla ya 1972. Hakuna namba za GPS, ni majina tu na mchoro wa kalamu. Yule binti mwenye hasira ameshaleta 19. Ameniandikia kupitia simu ya mwalimu wake kwamba ramani ya serikali imekosea jina la kilima cha kwao, na anauliza ofisi ya kurekebisha iko wapi.

Nimemwambia iko Dodoma. Ameuliza nauli ni kiasi gani.